Nyimbo Zote Zizi Moja

Wewe unayesoma, kabla hujafunua ukurasa, tegua hiki: nina mali, nikimpa jirani yote, kwangu haipungui hata chembe, nikiifungia ndani peke yangu, siku moja naamka sina. Ni nini? Usiseme ng'ombe, maana ng'ombe ukimtoa ametoka. Usiseme moto, maana moto hatuweki ndani tukalala. Mji usinipe bado. Kaa nacho, tutakutana mbele.

Milembe naye alitegewa hicho na bibi yake, akashindwa. Alikuwa msichana wa darasa la sita pale Bariadi, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi wa kujibu. Kila asubuhi aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akapiga goti kwenye mlango wa Bibi Nyanjige na kusema, "Mwangaluka, Bibi." Bibi huitika kutoka ndani, "Mwangaluka duhu," halafu badala ya kumuuliza ameamkaje, humuuliza, "Umekitegua?" Milembe hucheka, akataja chochote kilichomjia mdomoni, mara kivuli, mara upepo, akakimbilia shule.

Akitoka shule alipitia dukani kwa Mjomba Ndaki, karibu na stendi. Zamani kupiga chapa barua ilikuwa kazi ya ofisi za serikali na za ushirika tu. Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi wa pamba wakaja kila mmoja na mizani yake, maduka yakaota mpaka vichochoroni, na Mjomba Ndaki, ambaye alianza na taipureta ya kuazima, akanunua kompyuta iliyotumika kutoka Mwanza. Aliifunika kitambaa cha kufuma, kile kile kilichokuwa kinafunika redio ya marehemu baba yake. Walimu walimletea mitihani aichape, makanisa ratiba za ibada, wanafunzi barua za kuomba kazi. Milembe alijifunza kuiwasha, kuizima na kuitumia, mpaka Mjomba akawa anamwachia duka aende kunywa chai.

Lakini hazina kubwa ndani ya ile kompyuta haikuwa mitihani. Ilikuwa sauti ya Babu Mahona.

Babu Mahona, mume wa Bibi Nyanjige na baba wa Mjomba Ndaki, alikuwa kiongozi wa bugobogobo, ngoma ya wakulima. Enzi zake, mtu akiwa na shamba kubwa la pamba aliwaita, wakaja na majembe na ngoma, Babu akaimba, wengine wakaitikia huku wanalima, na majembe yakarushwa juu na kudakwa bila mtu kukosea. Mwaka wake wa mwisho, Mjomba Ndaki alimkalisha uwanjani, akaweka redio ya kaseti mbele yake na kumwomba aimbe. Akaimba mchana mzima. Mwishoni kabisa unamsikia anakohoa, anacheka kidogo, kisha anauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayegeuza shingo kumtazama mwenzake, "Nyanjige, nimeimba vizuri?"

Kaseti inaishia hapo. Jibu halimo. Milembe aliwahi kumuuliza Bibi alijibu nini siku ile, Bibi akasema kwamba kaseti imekwisha na maswali nayo yamekwisha, akaendelea kupepeta.

Mvua za masika zilizofuata hazikumkuta Babu. Mjomba alichukua waya, akaunganisha redio na kompyuta, akaziingiza nyimbo zote humo. Na afadhali alifanya hivyo, kwa sababu kabla hata wiki haijaisha redio iliitafuna ile kaseti, ikautoa utepe nje kama utumbo wa kuku. Mjomba akaitupa kwenye debe la taka. Bibi akaiokota, akaipangusa kwa khanga, akaondoka nayo. Hakuna aliyemuuliza anaipeleka wapi.

Tangu hapo kila Jumapili, akitoka kanisani, Bibi alipita dukani. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, Milembe akamfungulia nyimbo. Lilipofika lile swali Bibi hakusema neno. Alivaa viatu vyake, akaaga, akaenda zake.

Sasa ile kompyuta ikaanza kuchoka. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai na kuinywa ndipo kioo kifunguke. Ikaingiwa na virusi, ikawa inakatika katikati ya kazi. Fundi Dastan, kijana mpole aliyekuwa akizunguka miji hii na mkoba wa CD, aliipima akasema dawa yake ni kupiga windows mpya, na kwamba Jumamosi atapita. Akawaonya: akija atasafisha kila kitu, kwa hiyo wanachokipenda wakitoe nje kwanza.

Kabla ya hiyo Jumamosi Mjomba Ndaki aliitwa msibani Maswa. Akamwachia Milembe maagizo. Barua na mitihani avinakili kwenye flopi. Nyimbo za Babu ni kubwa, flopi haziwezi, basi alipakie boksi la kompyuta kwenye toroli, avuke nalo barabara hadi kwa Hanif, mwana wa Mzee Salimu fundi redio, ambaye alikuwa na mashine ya kuchoma CD. Hanif alikwisha kuambiwa. "Barua zikipotea nitaomba radhi kwa wenyewe," Mjomba alisema. "Baba akipotea nitamwomba nani?"

Milembe alianza vizuri. Alikaa na flopi zake, akanakili barua, akanakili mitihani, akaandika majina juu kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa Ijumaa. Alipochungulia ng'ambo aliona duka la Hanif limefungwa, watu wameenda msikitini, na ilibidi angoje. Hapo ndipo rafiki yake Nancy alipopita na kundi la wasichana, mpira wa soksi mkononi. Nancy alimwambia kwamba wanacheza rede na wasichana wa shule ya pili, kwamba mkwepaji wao hodari ni yeye, na kwamba kama ameolewa na kompyuta aseme wamletee zawadi za harusi. Wasichana wakaangua kicheko.

Milembe alilitazama lile boksi, zito. Akaitazama toroli, gurudumu lake limelegea. Kisha akaona pale kwenye kioo kuna C, ambamo nyimbo zilikuwamo, na kuna D, ambamo hamkuwa na kitu. Akajisemea moyoni kwamba kunakili ni kunakili. Akazinakili nyimbo kutoka C kwenda D, akahakikisha zimefika, akafunga duka, akakimbia. Siku ile alikwepa mipira mpaka wakamshangilia.

Jioni Mjomba alirudi amechoka, miguu imejaa vumbi. Akauliza kama barua ziko tayari, Milembe akaonyesha flopi. Akauliza na nyimbo, Milembe akasema amezinakili. "Hanif alikusaidia?" Mjomba akauliza huku anajinawisha uso.

Milembe akatikisa kichwa kuitikia. Mdomo haukusema neno, lakini kichwa kilidanganya.

Baada ya chakula Bibi na Milembe walikaa jikoni wakimenya karanga. Bibi alitaka kuelezwa vizuri hizo nyimbo zimewekwaje, kwa sababu kesho anakuja mtu wa kusafisha. Milembe akamweleza kwamba amezihamishia D.

"D ni nyumbani kwa nani?" Bibi akauliza.

"Si nyumbani kwa mtu, Bibi. Ni humo humo ndani. Ni kama chumba kingine."

Bibi alimenya kwanza karanga kadhaa. Kisha akamsimulia habari za Babu Mahona na ng'ombe wake. Mtu mwenye ng'ombe, Bibi alisema, hawalazi wote kwake. Wengine humwekesha rafiki wa mbali, mmoja Sola, mmoja Kiloleli. Yule rafiki akamtunza, akanywa maziwa, na ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Baba yake Mahona aliona uchungu kuwatoa. Aligawa zizi lake kwa uzio katikati, akawaweka wengine huku na wengine kule, akasema amewatenganisha. Ugonjwa ulipokuja haukuuliza habari za uzio. Tangu hapo Mahona, hata akiwa na ng'ombe wawili, mmoja alikuwa wa kwake na mmoja alikuwa kwa Maganga kule Sola.

"Kwa hiyo nauliza tu," Bibi akamaliza, "kwa sababu mimi kompyuta siijui. Hiyo D, zizi likiugua, yenyewe haiugui?"

Milembe akasema haiugui. Alisema upesi, kama alivyozoea kutaja kivuli na upepo. Lakini zile karanga hazikumwisha mkononi, alikuwa anamenya moja moja, na Bibi akamwona, akaendelea kumenya zake.

Jumamosi asubuhi walikuwa na palizi. Milembe alipalilia huku akijiambia kwamba wakifika dukani atamnong'oneza Mjomba kabla fundi hajaanza. Fundi wa mbali, alifikiri, hawezi kufika mapema. Mchana, yeye na Bibi wakaenda dukani na bakuli la michembe, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga, chakula cha wanaume.

Walipoingia kioo kilikuwa kinang'aa kama kimeoshwa. Dastan alikuja na basi la alfajiri. Alikuta virusi vimeenea C na D, akamuuliza Mjomba kama vyote vimetolewa nje, Mjomba akasema vimetolewa, akasafisha boksi zima, kote kote. Sasa kompyuta ilifunguka mara moja. Mjomba alikuwa amefurahi kiasi kwamba alimkaribisha mama yake kwa mikono miwili, akamvutia benchi. Akamwambia Milembe alete ile CD ya Hanif, warudishe nyimbo, mama asikilize leo leo asingoje Jumapili.

Milembe akasimama hapo hapo, bakuli mkononi.

Mjomba akadhani hajasikia. Akafungua mtoto wa meza mwenyewe, hakuna. Akatazama chini ya karatasi, hakuna. Kisha akaona zile CD za fundi zimezagaa mezani. Akasema kwa upole bado kwamba lazima Dastan ameichanganya na zake. Dastan akasema hajaiona. Mjomba akarudia, safari hii si kwa upole, kwamba CD ilikuwapo na mgeni aliyeingia humu ni mmoja. Kama sauti ya baba yake imeingia kwenye mkoba wa mtu, alisema, hakuna duka lolote kutoka hapa mpaka Lamadi litakalomwita tena.

Dastan hakubisha. Alimwaga mkoba wote juu ya meza, akaanza kuziingiza CD zake kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, ili Mjomba ajionee. Kila iliyotoka bila sauti ya Babu aliiweka pembeni taratibu, akachukua nyingine.

Milembe aliona kwamba akinyamaza tu, mambo yataishia hapo. Fundi atafunga mkoba aende. Hakuna atakayejua. Akamtazama Bibi, Bibi alikuwa amevua viatu, ameshaviweka mahali pake chini ya benchi, anasubiri nyimbo.

"Mjomba, mwache," Milembe alisema. "Hakuna CD. Sikwenda kwa Hanif. Nilizinakili humo humo ndani, nikaenda kucheza rede. Jana nilikudanganya."

Nje makondakta waliita abiria stendi. Mjomba Ndaki aliketi. Akaushika uso wake kwa viganja. Milembe hakulia. Alitamani angepigwa, maana kofi lina mwisho.

Aliyesema wa kwanza ni Bibi. Aliuliza, "Huyu kijana amekula?" Akachukua bakuli kutoka kwa Milembe, akamwekea Dastan michembe kwenye sahani, akamwambia, "Kula, mwanangu, utusamehe." Mjomba akainuka, akampa fundi mkono, akamwomba radhi na yeye. Kisha Bibi akavaa viatu vyake, akaondoka bila kusikiliza kitu.

Milembe alimfuata kwa mbali, hatua za mtu asiyejua kama anatakiwa. Nyumbani alimkuta Bibi ameshusha mkebe wa mbegu za maboga, amepitisha mkono mpaka chini. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Ilikuwa ile kaseti, utepe wake umekunjamana na kukatika vipande.

"Ng'ombe akivunjika mguu, mimi simtupi siku ile ile," Bibi alisema. "Sijui kama atasimama. Mpeleke kwa Mzee Salimu."

Mzee Salimu alivaa miwani, akaigeuza kaseti, akasema kwamba yeye macho yamekwisha na vidole vimekuwa vinene, lakini kama kuna mtu mwenye subira atamfundisha. Basi ikawa kila siku baada ya shule wasichana wanacheza rede na Milembe yuko kwenye kigoda kwa Mzee Salimu. Alinyoosha utepe kwa kitambaa kikavu, kidogo kidogo. Aliunga vipande kwa solotepu aliyoikata nyembamba kwa wembe, akauzungusha utepe kwa kalamu, pole pole, usije ukakunjika tena. Alipoharakisha ulikatika, akaanza upya. Nancy alipita siku moja kumtania, akaona anachofanya, akakaa, akamshikia ncha ya pili. Na Mzee Salimu alipoona wanachoka aliwapa kashata, akawaambia redio zinamjua mtu asiye na haraka.

Mjomba Ndaki siku zile alisema naye machache, si kwa ukali, ila kama mtu anayepita kando ya shimo. Siku kaseti ilipokamilika alikuja mwenyewe kuwachukua, wakavuka wote hadi dukani kwake, akaunganisha redio na kompyuta kwa waya. Mzee Salimu aliwaonya kwamba utepe umechoka na pengine utakubali kuimba mara moja tu. Hanif akaleta mashine yake ya kuchoma CD, ikawekwa karibu. Bibi akaitwa. Mjomba akabonyeza.

Kwanza ikaja mikwaruzo. Halafu akaja Babu Mahona.

Mahali utepe ulipovutika sauti yake ilizama na kuyumba kama ya mtu aliyetoka kilabuni, Bibi akacheka mpaka akafuta macho, akasema pombe hakuwa akinywa, leo imempata. Wimbo mmoja, ule wa kuanzia kulima, ulikatika katikati na haukurudi. Mpaka leo haupo. Milembe aliinamisha kichwa ulipokatika, na Mjomba akamwekea mkono begani, usio mzito, akauacha hapo. Nyingine zote zilipita. Kikaja kikohozi, kikaja kicheko, likaja swali: "Nyanjige, nimeimba vizuri?" Kisha kaseti ikagota.

Mjomba akazima redio. Akasema sasa zimeingia, Hanif achome CD, lakini kwanza anataka kusikia kutoka kwa Milembe zitalazwa wapi.

Milembe alikuwa ameshafikiri. Moja itabaki dukani. Moja itakaa kwa Mzee Salimu, ng'ambo. Moja itakwenda Lamadi kwa mama yake, Eufrasia, anayeuza samaki, apewe atakapokuja mwisho wa mwezi. Na moja ataipeleka yeye mwenyewe Sola kwa mzee Maganga, aliyewahi kumtunzia Babu ng'ombe wake. Kisha akageuka kwa Bibi.

"Ni wimbo," akasema. "Kile kitendawili. Ukimpa jirani wote, kwako haupungui."

"Umekitegua," Bibi akasema. Akamvuta akae naye benchini. "Sasa sikiliza, mwanangu, na ukikua uwaambie wenzako. Kitu unachokipenda usikilaze mahali pamoja, na kabla hujagusa cha zamani kwa sababu ya kipya, hakikisha cha zamani kimelala salama kwa jirani. Hilo la kwanza. La pili ndilo kubwa. Nyimbo zilipotea kwa sababu ya uvivu wa kuvuka barabara. Huo ni utoto, unasameheka. Lakini kile kichwa ulichokitikisa kilitaka kumfukuzisha mtoto wa watu kazini. Ulipofungua mdomo ukasema kweli ndipo mimi nilipoushusha ule mkebe. Ungenyamaza, ningeiacha kaseti kwenye mbegu zangu."

Milembe akasema amesikia. Mjomba akasema na yeye amesikia, maana alimwamini mtoto bila kuiona hiyo CD, akamtukana mgeni bila kuuliza.

Hanif aliingiza CD ya kwanza kwenye mashine. Kabla hajaanza, Milembe aliomba angoje. Mezani kulikuwa na kipaza sauti kidogo kilichokuja na ile kompyuta, ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Alikichomeka, akamsogezea Bibi. Akamwambia kwa aibu kwamba mwisho wa nyimbo pana nafasi, na kwamba watu wa Sola na Lamadi watasikia Babu anauliza na hawatasikia kitu.

Bibi alikitazama kile kidude muda mrefu. Akasema siku ile, uwanjani, watoto walikuwa wamejaa, na yeye alikuwa mke wa heshima zake. Aliona haya kumsifu mume mbele ya watu. Alisema moyoni atamwambia jioni. Jioni ikaja na wageni, na kesho yake ikaja na shughuli, na nyingine nayo.

Hakuna aliyemhimiza. Milembe akabonyeza, kidoa chekundu cha kurekodi kikawaka kwenye kioo. Bibi Nyanjige akavua viatu, akaviweka chini ya benchi, akasogeza mdomo karibu.

"Uliimba vizuri, Mahona," akasema. "Uliimba vizuri sana."